Mtoto wa mwaka mmoja ananyonya bado: sahani yake iwe na kiasi gani?

Siku ya kupima watoto, kwenye vituo vya afya vya Kadutu, kuna swali ambalo halikosi. Mama mmoja anasema: "Mutoto wangu amefikisha mwaka, anapenda ziwa tu, chakula anasukuma na mukono." Mwenzake hapo pembeni yeye ametulia: "Wangu ananyonya muzuri, chakula kidogo kidogo inamutosha." Mmoja ana wasiwasi, mwingine hana. Lakini wote wawili, huko Cimpunda ao kwingineko, wanahitaji kujua jambo moja: mtoto wa miezi 12 ambaye ananyonya bado, anapaswa kula chakula kiasi gani?

Jibu fupi ni hili, sawa vile Shirika la Afya Duniani (OMS) linavyoshauri: mtoto wa mwaka mmoja mpaka miaka miwili ale mara 3 ao 4 kwa siku. Kila mara apate robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, na tunasema kikombe cha robo litre. Katikati ya siku aongezewe kitu kidogo mara 1 ao 2, kama vile ndizi ao kipande cha avoka. Na ziwa liendelee, mchana na usiku, mpaka miaka 2 na hata kuzidi.

Kama hauna kikombe cha kupimia, chukua chupa ndogo ya maji ya nusu litre. Jaza maji mpaka nusu, mimina ndani ya kikombe cha nyumbani, halafu angalia yanafika wapi. Hapo njo alama ya robo litre.

Lakini kikombe peke yake kinaweza kudanganya. Kikombe cha uji mwepesi na kikombe cha uji mzito vyote viwili vinajaza tumbo, na mtoto anaweza kushiba kwa vyote viwili. Ila ni kimoja tu kinachomlisha. Ni hapo watoto wengi wa kwetu wanapotea, hata katika nyumba ambamo mama anajua muzuri kabisa kwamba mtoto anapaswa kula.

Ziwa linatoa nini, sahani inatoa nini

Mpaka miezi 6, ziwa peke yake linatosha. Hata maji hayahitajiki. Kuanzia hapo, hesabu inageuka polepole.

Waganga wanapima nguvu ya chakula kwa kalori. Mtoto wa miezi 6 mpaka 8 anatumia karibu kalori 600 kwa siku. Ziwa linamletea sehemu kubwa, chakula kinaongeza karibu 200 tu. Kati ya miezi 9 na 11, chakula kinapaswa kuleta karibu 300. Kiisha, mtoto anafika mwaka. Anatembea, anapanda ngazi za udongo, anaanguka, anainuka tena. Kati ya miezi 12 na 23, siku yake inakula karibu kalori 900. Ziwa linatoa bado karibu 350. Zile 550 zinazobaki lazima zitoke kwenye sahani.

Hesabu hii inajibu watu wawili kwa mara moja. Inamjibu yule anayesema kwamba baada ya mwaka maziwa ya mama ni maji tu. Hapana: 350 juu ya 900 ni zaidi ya sehemu moja kati ya tatu, na ndani yake kuna mafuta, vitamini, na kinga ya magonjwa. Tena mtoto mwenye homa, ambaye anakataa kila kijiko, mara nyingi ziwa halikatai. Siku hizo ndizo linamsaidia zaidi.

Inamjibu pia yule anayesema kwamba mtoto akinyonya muzuri, chakula kinaweza kungoja. Hapana: kwa umri huu, zaidi ya nusu ya nguvu yake inatoka nje ya ziwa.

Na kuna jambo la damu. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini ya chuma ambayo mama amempa tumboni. Akiba hiyo inakwenda ikiisha karibu na miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Kwa hiyo mtoto anaweza kuonekana mnene kwa sababu ya ziwa, lakini damu yake ni kidogo. Mtoto wa namna hiyo anachoka, anakuwa mweupe kwenye viganja na ndani ya midomo, na hamu ya kula inapungua. Akikosa hamu, anarudi kwenye ziwa. Akirudi kwenye ziwa peke yake, chuma kinazidi kupungua. Mama anafikiri mtoto anapenda ziwa tu, kumbe ni damu inayopungua.

Tumbo dogo na uji mwepesi

Tumbo la mtoto mdogo linaweza kubeba karibu mililita 30 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo 9 anapokea kwa hiyo karibu mililita 270 kwa mara moja. Ni kikombe kimoja na kidogo juu yake, basi.

Sasa tuchukue uji ule wa kunywa sawa chai: kijiko kikubwa kimoja cha unga ndani ya kikombe cha maji. Uji huo unampa mtoto karibu kalori 40. Ili afikishe 550, angekunywa vikombe 13 ao 14 kwa siku. Hakuna tumbo la mtoto linaloweza kazi hiyo. Anakunywa vikombe vitatu, tumbo linajaa, analala, na mama anasema ameshiba. Ni kweli ameshiba. Ameshiba maji.

Tuchukue uji mwingine kwa kikombe kilekile: vijiko vikubwa vinne vya unga, kijiko kikubwa kimoja cha karanga za kusaga, na kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya mawese. Uji huu unapita kalori 250. Vikombe viwili vyake vinakaribia nguvu yote ambayo chakula kinapaswa kumletea mtoto kwa siku nzima.

Namna ya kujaribu ni rahisi. Chota uji kwa kijiko, halafu uinamishe. Kama unakimbia sawa maji, ni mwepesi. Kama unabaki kwenye kijiko na kuanguka polepole, ni huo. Uji wa mtoto wa mwaka mmoja unalishwa kwa kijiko, haunywewi kwa kikombe wala kwa chupa yenye chuchu.

Tunajua, hapa hatuongei na watu wasiojua kupika. Mara nyingi uji unakuwa mwepesi juu unga ni kidogo na watoto ni wengi. Tangu Februari 2025, vita ilipoingia mjini na benki zikafunga milango, pesa imekuwa ngumu kushika, na mwenye kuishi kwa biashara ya kila siku ananunua kila siku kile anachopata. Kwa nyumba ya namna hiyo, kuna mbinu moja isiyoomba hata franka moja zaidi: pika uji mzito kwanza, toa sehemu ya mdogo, kiisha ongeza maji moto ndani ya sufuria kwa ajili ya wakubwa na urudishe juu ya moto. Wakubwa wana tumbo kubwa, na wanaweza kula tena bugali ya mchana. Mdogo hana nafasi nyingine tumboni mwake.

Mchuzi si chakula

Kuna desturi ambayo tunaiona karibu kila parsele. Wakati wa kula, mtoto anapewa donge la bugali lililochovywa ndani ya mchuzi. Maharagi yanabaki kwa wakubwa, samaki anabaki kwa baba. Watu wanasema meno ya mtoto hayawezi, ao tumbo lake halizoei.

Bugali ya muhogo inatoa nguvu, lakini ina protini kidogo sana, ile inayojenga mwili. Mchuzi nao ni maji, chumvi na harufu ya nyanya. Mtoto anayekula bugali na mchuzi kila siku anashiba bila kujengwa.

OMS na UNICEF wanahesabu vyakula kwa mafungu 8: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na bitoke, maharagi, soya na karanga, maziwa ya ng'ombe ao ya mbuzi, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, na mboga na matunda mengine. Mtoto apate mafungu 5 kila siku, si lazima kwa sahani moja. Ukitazama muzuri, jambo hili haliko mbali na jikoni ya Cimpunda. Ziwa ni moja. Bugali ni mbili. Maharagi ni tatu. Lengalenga ao sombe ni nne. Ndagala ni tano. Chakula cha jamaa tayari kinafika tano. Kinachobaki ni kukubali kwamba mtoto ana haki ya kile kilicho ndani ya mchuzi.

Ndagala na sambaza ni bahati ya watu wa maziwa yetu. Sambaza hakuwa samaki wa Ziwa Kivu zamani. Alitolewa Tanganyika na kuwekwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi wanamtafuta usiku kwa taa. Samaki hawa wadogo wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo wanatoa protini, chuma na kalsiamu kwa mara moja. Kwa mtoto, chagua waliokauka muzuri, wasio na harufu ya kuoza wala mchanga. Wakaange bila mafuta kidogo, watwange, chekecha, na uweke unga huo ndani ya kopo linalofunga. Kijiko kikubwa kimoja ndani ya chakula cha mchana kinabadilisha sahani. Samaki wa kutwangwa namna hiyo hana mfupa wa kumkaba mtu.

Maharagi yapikwe mpaka yalainike, yapondwe kwa kijiko, na maganda magumu yatolewe. Sombe itwangwe muzuri na ikae juu ya moto muda mrefu, sababu majani ya muhogo yakiwa hayajaiva yana sumu. Mafuta ya mawese yanaongeza nguvu, na ile rangi nyekundu ni alama ya vitamini A. Kwa uji, unga wa masoso, yaani mahindi, soya na sorgho, ni muzuri kuliko unga wa muhogo peke yake. Soya ikaangwe kabla ya kusagwa, ili mtoto asiumwe tumbo. Yai liive kabisa. Na wale dende ambao watoto wanafuga chini ya kitanda ao jikoni ni nyama kamili. Kipande kidogo kilichokatwakatwa kinampa mtoto chuma ambacho mboga nyingi hazifikii.

Vitu vinavyojaza tumbo bure ni chai ya sukari, maji matamu ya sache na biskuti. Vikipita kabla ya chakula, chakula kinakataliwa. Chai tena inazuia mwili kuchukua chuma. Karanga nzima zisiwekwe mikononi mwa mtoto, zinaweza kumkaba. Na kasiksi, hata tone la kuonja kwa mzaha, si ya mtoto.

Siku moja kwenye sahani

Huu ni mfano, si amri. Kila nyumba ibadilishe kulingana na kile kilicho sokoni.

Asubuhi: uji mzito wa masoso na karanga za kusaga, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe. Karibu saa nne: ndizi moja ndogo ao kipande cha avoka kilichopondwa. Mchana: viazi ao bitoke vya kuponda, pamoja na maharagi, lengalenga, unga wa ndagala na kijiko kidogo cha mafuta ya mawese, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe. Karibu saa kumi: papayi, embe, ao nusu ya yai. Jioni: bugali laini na sombe, pamoja na samaki ao maharagi, kwa kipimo kilekile. Katikati ya hayo yote, na usiku, ziwa kila mara mtoto anapoliomba.

Kwa mtoto ambaye hanyonyi tena, kwa sababu yoyote ile, ongeza mlo mmoja ao vitu viwili vidogo vya katikati, na umtafutie maziwa yaliyochemshwa, kikombe 1 mpaka 2 kwa siku, kama uwezo uko. Mama anayekunywa dawa za virusi vya Ukimwi asikate ziwa kwa woga. Aulize kwanza muganga anayemfuata, sababu mama anayekunywa dawa zake muzuri anaweza kunyonyesha mwaka mzima na hata kuendelea mpaka miaka miwili.

Anakataa kula: kabla ya kulazimisha

Mtoto wa mwaka mmoja anakua polepole kuliko zamani. Katika mwaka wa kwanza uzito wake unajizidisha karibu mara tatu. Katika mwaka wa pili, anaongeza karibu kilo 2 na nusu tu. Ndiyo maana hamu yake inapanda na kushuka. Leo anamaliza sahani, kesho anagusa vijiko vitatu. Ukihesabu juma nzima, mara nyingi unakuta amekula vya kutosha. Na kama chakula ni kizito, hata akiacha nusu, kile alichokula kina maana.

Kazi ya mzazi ni kuleta chakula chema, kwa saa yake, na kwa upole. Kazi ya mtoto ni kusema kiasi gani anataka. Kumshika pua, kumminia uji mdomoni kwa kiganja, kumpiga: hiyo inamfundisha kuogopa sahani, na uji unaweza kuingia katika mapafu. Kaa mbele yake, ongea naye, mwangalie usoni, umwache ashike chakula kwa vidole. Akichafuka, ataoga.

Mpe sahani yake mwenyewe. Mtoto anayekula na wakubwa watano kwenye sinia moja anashindwa mbio, na hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Angalia saa ya ziwa pia. Mtoto aliyetoka kunyonya sasa hivi hataki kijiko. Si kumnyima ziwa. Ni kuacha nafasi kidogo kabla ya chakula, ao kumpa chakula kwanza na ziwa nyuma.

Kama kukataa kunaendelea, angalia kinywa: vidonda, meno yanayotoka. Fikiria homa, kuhara, minyoo, damu kidogo. Wakati wa ugonjwa, nyonyesha mara nyingi zaidi, na mpe chakula kidogo kidogo kila wakati. Akihara, ongeza maji ya chumvi na sukari ya sache ya SRO kutoka kituo cha afya, lakini usisimamishe chakula. Akipona, ongeza mlo mmoja kila siku kwa majuma mawili, ili arudishe kilo alizopoteza.

Mama anashinda sokoni, nani analisha?

Mu Cimpunda, wamama wengi wanashuka asubuhi mapema: wengine kwenda soko la Kadutu, wengine Nyawera, wengine kubeba mizigo ya watu. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka tisa, ao na nyakulu. Sufuria inapanda juu ya makala mara moja ao mara mbili kwa siku, si mara tano.

Kwa nyumba hiyo, mara 3 ao 4 inawezekana ikipangwa. Pika asubuhi kitu kizito kinachoweza kuliwa mara moja na kumalizika. Kwa mchana, acha vitu visivyohitaji moto wala kuharibika haraka: avoka nzima, ndizi, kiazi kilichochemshwa na ganda lake, yai lililochemshwa na ganda lake. Mwonyeshe dada mkubwa kwa macho: "Mutoto amalize hii mbele ya saa sita, na hii mbele ya saa kumi." Jioni, mtoto ale mapema kabla ya usingizi, hata kama baba hajarudi.

Uji ulioachwa kwenye termosi mpaka mchana ni hatari. Ukipoa na kubaki vuguvugu, vidudu vinazaa ndani yake. Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa mbili kirudi kwenye moto mpaka kichemke. Na kile ambacho kijiko cha mtoto kimeshagusa, kisiwekwe akiba.

Maji ni shida tunayoijua wote. Bomba za REGIDESO zinaweza kukauka siku nyingi, na watu wanapanda mlima na mabidoni. Hata hivyo, kama maji ni kidogo, yatumike kwanza kwa mikono: mikono ya anayelisha, na mikono ya mtoto, kwa sabuni ao kwa majivu. Maji ya kunywa ya mtoto yachemshwe. Kuhara kumoja kunaweza kufuta kazi ya sahani nyingi.

Mimba mpya, na jina la bwaki

Katika lugha ya Mashi, wazee wanaita ugonjwa huu bwaki: miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi na kung'oka, mtoto ananuna na hachezi. Katika vitabu unaitwa kwashiorkor. Neno hilo lilitoka Ghana ya leo, katika lugha ya Kiga, na daktari Cicely Williams alilitumia katika maandishi yake ya miaka ya 1930. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anakuja. Wamama wa huko waliona jambo ambalo wa huku pia waliliona: mtoto anatolewa kwa ziwa ghafula, anapewa chakula cha unga mtupu, na baada ya muda anavimba.

Watu wengi wanaamini bado kwamba maziwa ya mama mwenye mimba ni sumu kwa mtoto. Si kweli. Mama mwenye mimba inayokwenda muzuri anaweza kuendelea kunyonyesha, na yeye mwenyewe ale zaidi. Kama analazimika kuacha, aache polepole, kwa majuma mengi, huku akiongeza sahani. Kukata ziwa kwa siku moja, kupaka pilipili, kumpeleka mtoto kwa nyakulu kijijini ili asahau: hapo njo mlango ambamo bwaki inapita.

Kivu inajua ugonjwa huu kwa muda mrefu. Lwiro, huko Kabare, kilomita kama 45 kaskazini mwa Bukavu, watafiti walianza kuwafuata watoto wa bwaki tangu wakati wa ukoloni, na hospitali ya watoto ya Lwiro inajulikana kwa kazi hiyo. Hivi karibuni, watafiti walitafuta watu waliotibiwa huko wakiwa wadogo kati ya 1988 na 2007. Waliokutwa hai ni watu wazima sasa. Wakilinganishwa na majirani wao ambao hawakuugua, walikuwa wafupi kidogo, mikono yao ilikuwa na nguvu ndogo zaidi, na walifika chini katika masomo. Walipona, lakini mwili ulikumbuka.

Na si bwaki pekee. Uchunguzi wa taifa wa 2013 na 2014 ulikuta kwamba katika Sud-Kivu, watoto 53 kwa 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao. Ufupi huo mara nyingi si wa ukoo. Unajengwa polepole kati ya miezi 6 na miaka 2, kwa magonjwa na kwa sahani nyepesi, bila mtoto kulia njaa.

Tazama karati ya mtoto, si mtoto wa jirani

Namna ya kujua kama mtoto anakula vya kutosha si kuhesabu vijiko. Ni kumpima kila mwezi kwenye CPS na kuangalia mstari kwenye karati yake. Mstari ukipanda, hata kama mtoto ni mwembamba, anaendelea. Mstari ukilala miezi miwili, kuna kitu cha kutafuta. Mstari ukishuka, usingoje. Ukiwa hapo, uliza pia kuhusu vitamini A, ambayo inatolewa kila miezi 6, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja.

Relais wa kartier ana kile kipimo cha mkono chenye rangi tatu. Kijani ni muzuri. Manjano, chini ya milimita 125, mtoto anahitaji kufuatwa. Nyekundu, chini ya milimita 115, mpeleke siku hiyohiyo. Kwa kuvimba, bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba mpaka uhesabu tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, ni hatari, hata kama kipimo cha mkono ni kijani. Vilevile kama mtoto hawezi tena kunyonya, anatapika kila kitu, ao amelegea.

Kituo chenye UNTA kinafuata watoto wenye utapiamlo mkali wanaoweza kubaki nyumbani. Wale wenye matatizo zaidi wanalazwa hospitali kwenye UNTI. Pakiti za Plumpy'Nut zinazotolewa huko ni dawa ya mtoto huyo mmoja: hazigawanywi na ndugu zake, na hazipaswi kuuzwa sokoni.

Kwa nyumba nyingi za Cimpunda, kazi ya kesho ni ndogo na inaonekana: uji unaoshika kijiko, maharagi na ndagala vinavyofika kwenye sahani ya mdogo, na sahani hiyo iwe yake peke yake. Ziwa linabaki, na sahani inajazwa pembeni yake. Baba akiwa mezani, naye anaweza kuanza: kipande chake cha samaki kikivunjwa mara mbili, nusu moja inatosha kwa mtoto wa mwaka mmoja.